Ulimi wa Immaculée na Mti wa Safu

Wenzangu mliokulia Rwezamenyo, Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ninyi ndio ninaowaandikia. Wanangu hawataelewa. Juzi nilimwambia wa mwisho kwamba enzi zetu watoto wanne tulikunywa uji wa mtama kwenye bakuli moja, akaniuliza kwa nini hatukununua bakuli nyingine. Nikaona hapa hakuna mazungumzo, nikaenda zangu jikoni.

Ninyi mnakumbuka. Mnakumbuka vumbi jekundu la mwezi wa saba lililotufanya sote tuwe na magoti ya rangi moja. Mnakumbuka magauni ya bluu ya shule, yaliyoshonwa makubwa makusudi ili yatufae mpaka darasa la tano, na mpira wa majani makavu ya migomba, ambao ukilowa mvua unakuwa mzito wa kuvunja kidole. Tuliruka kamba mpaka mama zetu wanakuja kuidai, waanikie nguo. Asubuhi palikuwa na mandazi ya yule mama wa kona, ambayo siku zote yaliungua upande mmoja, nasi tukagombania lile lililoungua zaidi. Adhana ilitoka upande wa juu, kengele ya kanisa ng'ambo, na kila mtu alijua yake ni ipi.

Kwetu palikuwa na kipangu, yaani ua mmoja wenye nyumba tatu, uliozungushiwa ukuta wa matofali ya udongo. Nyumba ya mbele ilikuwa yetu, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha Baba, alichoachiwa na babake. Ya kushoto walipanga kina Immaculée: yeye, mdogo wake wa kiume, mama yao, na baba yao Gaspard, karani wa bohari kule Gikondo, mtu mpole aliyetembea na kalamu mbili mfukoni hata Jumapili. Chumba cha nyuma alikaa Koko Feza, mwanamke wa Kizaire kutoka Walikale. Tulimwita Koko, kama kwao wanavyomwita bibi, ingawa hakuwa bibi wa mtu yeyote kati yetu. Na katikati ya ua ulisimama mti wake.

Wengi wenu mliudhani mparachichi. Ulikuwa mti wa safu, mti wa msitu mkubwa wa Zaire, wenye majani marefu ya kung'aa yaliyofunga kivuli kizito hata jua la saa sita halikupenya. Ukiuchuna gome unatoa utomvu, na utomvu huo ukiutia kwenye kaa la moto unanukia. Mimi nilisema unanukia ubani wa Alhamisi jioni nyumbani kwetu. Immaculée alisema hapana, ni harufu ya kanisani kwao, padri anapopita na chetezo. Tulibishana jambo hilo kwa miaka, na sote wawili tulikuwa sawa.

Mbegu ya safu haina subira. Ukiitoa kwenye tunda ina siku chache tu, ikikauka imekwisha. Koko Feza alibeba mbegu tatu kutoka msituni mpaka Bukavu juu ya lori la mbao, na kutoka Bukavu mpaka Kigali kwa basi, zikiwa zimefungwa ndani ya kitambaa kibichi alichokificha kifuani. Mbili zilikufa. "Miye nilibeba hii muti mu kifua sawa mutoto," alikuwa akisema. "Ilianza kuota mu njia." Aliupanda mwaka niliozaliwa mimi, na katika mwaka ninaotaka kuwasimulia tulikuwa na umri wa miaka tisa, mimi na mti, na mti haukuwa umezaa hata tunda moja.

Baba hakuacha kulitaja hilo. "Wewe Zulfa na huu muti muko umri moja," aliniambia. "Tofauti yenu ni kwamba wewe unaosha vyombo." Koko Feza alikuwa na jibu moja tu, kwamba mwaka ujao utazaa. Alituhadithia mimi na Immaculée ladha ya safu mpaka mate yakatujaa: nyama yake laini kama siagi, uchachu kidogo kwa mbali, chumvi juu, na muhogo pembeni. Alikuwa hajaitia safu mdomoni tangu atoke kwao. Nilimuuliza mbona asirudi Walikale akazile huko mpaka achoke. Akasema, "Miye sitake kurudia kule. Kinywa tu ndo kinataka."

Mimi nilisikiliza hadithi hizo mguu mmoja ukiwa nje, nikisubiri zamu yangu ya kamba. Immaculée ndiye aliyekuwa mtoto wa Koko Feza hasa. Alikaa kwenye mkeka wake mchana kutwa wakati wa likizo akijifunza kusuka nywele, na aliweza kuiga Kiswahili chake cha Kizaire mpaka mwenyewe akacheka. Alikuwa na sikio, mtoto yule. Ningekuwa na akili ningelikumbuka hilo baadaye, lakini ninyi mnanijua.

Ukaja mwaka wa tisini na moja. Mnakumbuka jinsi vyama vingi vilivyoingia kwenye redio, na wanaume wakahamia kwa kinyozi kubishana kutwa nzima. Neno kura lilikuwa jipya, na kila mtu alilitia katika kila sentensi. Baba naye hakubaki nyuma. Alikuwa fundi wa magari katika gereji moja Gikondo, akitukanwa na tajiri wake kila siku ya Mungu, na alikuwa na ndoto moja tu maishani: kuwa na gereji yake mwenyewe, papo hapo nyumbani, atoke kitandani aingie kazini. Nafasi pekee ya kusimamisha gari katika kipangu chetu ilikuwa pale mti uliposimama. Sasa nikiwa mtu mzima namwelewa. Wakati ule nilimwona mkorofi.

"Koko, mimi sikufukuzi," alimwambia jioni moja, mbele yetu sote. "Wewe utakaa. Lakini huu muti hauzai, na mimi nachoka na matusi ya watu."

"Unipatie kiangazi moya tu, Baba Zulfa. Maua itakuya."

"Kila mwaka ni kiangazi moja tu."

Koko Feza aliutazama mti wake. Alikuwa amepanda mti juu ya ardhi ya mtu mwingine, na alilijua hilo. Baba akamwangalia, akaona huruma ikimwingia, na kwa kuwa hakutaka imwingie akasema, "Basi tupige kura. Si ndiyo mambo ya siku hizi?"

Ilikuwa kura ya kushinda, msidanganyike. Baba alikuwa ameshapiga hesabu. Majirani wa juu walilalamika kila msimu kwamba majani ya safu yanaziba mfereji wao wa mvua. Mzee Idi seremala, wa nyumba ya pili, alikuwa amekwisha kuulizia mbao zake. Wa chini hawakuwa na sababu ya kuutetea mti usiowapa kitu. Gaspard alikuwa mpangaji wetu, na mpangaji gani anamnyima mwenye nyumba kura yake? Baba alitaka tu Koko Feza aone kwamba si yeye aliyeukata, ni watu.

Alhamisi akatutuma, mimi na Immaculée. "Museme hivi: kesho, baada ya swala ya Ijumaa, iko kura kwa Baba Zulfa, chini ya muti." Mimi nikapewa nyumba za juu, Immaculée za chini. Tukaagana mlangoni, yeye na kandambili zake za rangi mbili tofauti, akashuka.

Hapa niwakumbushe, hasa ninyi mliohamia Ulaya mkaanza kusema kwa kubana midomo, ulimi wetu wa Kigali. L na r kwetu zilikuwa zinabadilishana nguo. Lori liliitwa rori, redio ikaitwa ledio, na hakuna aliyeona haya. Tulielewana kwa kuangalia mtu anaelekea wapi na ameshika nini.

Ijumaa baada ya swala wakaanza kuwasili. Wa juu walikuja wamevaa kanzu zao za Ijumaa, na nyuso za watu wanaokwenda kuamua jambo. Mzee Idi aliuzunguka mti mara mbili akiupima kwa macho. Kisha wakaja wa chini. Wa chini walikuja na watoto wao wote. Mama mmoja alijitwisha kigoda chake. Mwingine alikuja na kikapu cha viazi vitamu, asifike mikono mitupu. Watoto walishika bakuli. Wakakaa kivulini, wakajipanga vizuri, wakatazama upande wa jiko letu.

Mama yangu alikuwa mlangoni mwa jiko, na jikoni hapakuwa na moto.

"Iko wapi kula?" aliuliza bibi mmoja, kwa heshima kabisa.

"Kula gani, Mama?"

"Kula ya Baba Zulfa. Si alituma mutoto jana?"

Mama alimvuta Baba nyuma ya mlango. Nilikuwa nimejibanza hapo, nikasikia yote. "Umeita watu kula," Mama akasema. Baba akasema, "Nimeita watu kura." Mama akasema, "Sasa toka uende uwaambie."

Baba alichungulia. Ua ulikuwa umejaa. Ninyi mnajua mila zetu, iwe kwa Waislamu au kwa Wakristo: mtu akishakaa kwako akisubiri chakula ulichomwitia, huwezi kumwambia masikio yake yana kasoro. Aibu hiyo ingemfuata Baba mpaka kwenye safu za msikitini. Alisimama pale akipangusa uso kwa kofia yake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Washa moto."

Basi ikawa karamu. Mama alitoa mchele aliokuwa ameuficha kwa ajili ya wageni wa kaka yake. Mama Immaculée akaleta maharagwe aliyokuwa ameinjika kwa chakula cha jioni. Koko Feza akatoa sombe yake yote, kisamvu alichokitwanga asubuhi, yeye ambaye mti wake ulikuwa unangojea hukumu, akaipakua mwenyewe. Viazi vitamu vikachomwa. Jua lilikuwa kali mno, na kila lilipohama, wageni nao walihama na vigoda vyao kufuata kivuli cha mti. Watu wa juu walikaa na wa chini, kanzu na bakuli pamoja. Walikula, wakasimuliana, wengine wakalala. Mtoto mmoja alipanda tawi la kwanza akagoma kushuka mpaka alipoonyeshwa kiazi.

Karibu na alasiri Baba akasimama, akakohoa. Akawaeleza shida yake na mti, kwa ufupi, maana hata yeye alikuwa ameshiba. "Wanaotaka muti ukatwe," akasema, "wainue mkono."

Hakuna mkono ulioinuka. Mikono ilikuwa na mafuta. Mzee Idi, aliyeutamani mti ule kwa mbao, aliangalia sahani yake. Baba akamtazama Gaspard, kura yake ya uhakika. Gaspard akazigusa kalamu zake, akasema, "Baba Zulfa, tumekula chini yake. Sasa nitainua mkono gani?"

Watu wakacheka. Baba aliinua mkono wake mwenyewe nusu, akaona uko peke yake, akaupeleka kichwani kujikuna. Wakacheka zaidi. Koko Feza alijifunika uso kwa kitenge chake, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au naye anacheka.

Wageni walipoondoka, Baba akamwita Immaculée. Hakuwa na hasira kubwa, lakini alitaka kujua wapi mambo yaliharibika. "Uliwaambia nini?"

"Nilisema kula."

"Kura."

"Kula."

"Sema ku-ra."

"Ku-la," akasema Immaculée, macho chini.

Sote tulianguka kwa kicheko. Mama yake alicheka kidogo, kwa haya. Gaspard hakucheka. Mtu aliyeishi kwa kuandika vitu barabara kwenye vitabu vya bohari, kaaibishwa na ulimi wa mwanawe mbele ya mwenye nyumba. Na hapo hapo mimi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, nikamwita Imakula.

Ndiyo, ni mimi niliyelianzisha. Najua wengi mmekuwa mkidhani lilitoka kwa wale wavulana wa karere, ule mpira wa majani ya migomba. Lilitoka kinywani mwangu, na lilikuwa tamu mno kuachwa: Immaculée, Imakula. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa nalo. Akipita dukani wanamuuliza ameitwa kula wapi leo. Akikosea kuruka kamba tunaimba, "Imakula, umekula?" Mkate ukigawanywa, yeye anaulizwa mwisho ili watu wapate kucheka. Hata walimu walilijua. Miaka miwili na zaidi, na hakuwahi kujibu.

Kibaya zaidi kilikuwa jioni. Nyumba yao na yetu ziligusana ukuta, na nilimsikia Gaspard akimfundisha. Ra, re, ri. La, le, li. Rula ikigonga meza. "Kura," anasema baba. "Kula," anasema mtoto. Tena na tena, mpaka mama yake anasema imetosha. Mimi nilikuwa kitandani nikiuma shuka nisicheke kwa sauti.

Mti ulikaa. Baba aliendelea kwenda Gikondo. Kiangazi kikapita bila ua, na kingine kikapita bila ua, na Baba hakusema kitu, kwa sababu mtu aliyelisha mtaa mzima akashindwa kura hataki kukumbushwa. Kisha katikati ya mwaka wa tisini na tatu Koko Feza akaja kugonga mlango wetu asubuhi, bila kilemba, akamshika Mama mkono akamvuta uani. Juu, kwenye ncha za matawi, palikuwa na vishada vya maua madogo ya rangi ya kutu, na nyuki wamejaa.

Matunda yalianza ya waridi, yakawa mekundu, na kufikia Desemba yalikuwa na rangi ya bluu nzito inayokaribia weusi. Hayakujaa kikapu kimoja. Mimi, mwenye haraka, niliiba la kwanza nikaling'ata bichi. Ladha yake ilikuwa ya ndimu iliyolala kwenye rangi ya mlango. Mama naye akachukua matano akayachemsha kama maharagwe, akasahau, akafunua sufuria akakuta uji wa kijani. "Huu ndo muti tulipikia watu wali?" akauliza.

Koko Feza akatunyang'anya yaliyobaki. Alichemsha maji, akayaondoa motoni kwanza, ndipo akatia safu, akafunika. "Usiipike," alituambia. "Ukiipika inakasirika. Maji ya moto tu, inalala, inalegea yenyewe." Tulingoja muda wa kusali rakaa mbili. Alipofunua, ngozi zilikuwa zimelainika. Akaifungua moja kwa kidole gumba, akatia chumvi, akaila macho yamefumbwa. Akala ya pili. Kisha akagawa zilizobaki kwa kila mtu wa kipangu, hata Baba, ambaye alikula ya kwanza kwa ukaidi na ya pili kwa kupenda.

"Sasa niwaambie," Koko Feza akasema, akilamba chumvi. "Safu iko mwanaume na mwanamuke. Ya mwanaume haizai hata ufanye nini. Miaka yote hii, miye sikujua hii yangu ni ipi." Baba aliuangalia mti, akamwangalia Koko Feza. Halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kura, akacheka mpaka akakaa chini.

Katika kicheko hicho Immaculée alinivuta nyuma ya jiko. Tulikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa ameshikilia kokwa ya safu, anaigeuzageuza.

"Zulfa," akasema. "Kura."

Sikuelewa.

"Kura. Kula. Kura ni ya kuchagua, kula ni ya kinywa. Lori. Redio." Alizitamka zote, moja moja, safi kuliko msomaji wa habari. "Nilijua tu. Siku ile nilijua, nikawaita kula makusudi."

Niliuliza swali la kijinga. Nilimuuliza kwa nini basi hakusema, miaka yote, na sisi tunamcheka.

"Baba yako angepiga kura ingine," akasema. "Na sisi angetutoa mu nyumba. Papa angeenda wapi?" Kisha akasema kwamba mti sasa umezaa, Koko amekula, na Baba amecheka, kwa hiyo labda mtu anaweza kumwambia. "Lakini umwambie wewe. Mimi namuogopa. Useme nilijua, ili waache kuniita lile jina. Hata Papa wangu aambiwe."

Nikamwahidi. Nilisema nitamwambia Baba siku ya Idi, maana siku ya Idi moyo wake unakuwa mlaini. Idi ya mwaka uliofuata ilikuwa mwezi wa tatu. Siku chache tu baada ya ahadi ile Koko Feza aliondoka, mpwa wake alikuja kumchukua kwa sababu ya hali ya mji, akaondoka na tabasamu na mbegu kwenye kitambaa kibichi. Watoto waliendelea kumwita Immaculée Imakula, na mimi niliyejua sikuwanyamazisha. Siku moja hata niliitikia wimbo, kwa mazoea. Aliniangalia tu. Idi ikaja. Nilishonewa gauni la njano lenye mshipi, nikazunguka nalo nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, na jioni nilikuwa nimechoka. Nikasema nitamwambia Baba wiki ijayo.

Likizo ya Pasaka kina Immaculée walikwenda kwa shangazi yao Gikondo. Alinipungia mkono mlangoni, amebeba begi la mdogo wake kichwani. Walisema watarudi baada ya wiki moja. Hawakurudi. Wote wanne waliuawa Aprili ile, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi ya kufuata baada ya hiyo, na sina.

Mti haukuuona mwisho wa mwaka. Sisi tulipokuwa tumekimbia, waliopita pale waliukata kuni, na siwalaumu, watu walipaswa kupika. Ulizaa mara moja tu. Immaculée alibeba kicheko cha mtaa mzima kwa ajili ya mavuno yasiyojaa kikapu, ili kinywa cha mwanamke mmoja kirudi kwao kwa safu mbili.

Nilimwambia Baba alipokuwa mzee, amelala na nguvu zimemwishia. Nilimwambia yote, kwamba mtoto alijua. "Ningewatoa," akasema. "Alijua vizuri. Kwa hasira niliyokuwa nayo siku ile, ningewatoa." Akageukia ukutani.

Leo safu unazikuta sokoni. Wakongomani wanazileta, zimepangwa vizuri kwenye beseni, na mwanangu anazipiga picha kabla ya kuzila, kisha hazili. Anasema ni parachichi lenye hasira. Wanangu wamesoma, wana Kiswahili cha darasani. Nikisema rori wananisahihisha kabla sijafika mwisho wa neno, na mambo yao huyaamua kwenye simu, kila mmoja chumbani kwake, kwa kubonyeza kidole gumba, na hakuna anayelazimika kumlisha mwenzake kwanza. Siwachukii. Ila huwa nawatazama nikijiuliza ni yupi kati yao angekubali kuonekana mjinga miaka miwili kwa ajili ya jirani, na nikijibu kwa haki nasema hata mimi nisingekubali.

Mwaka jana tulikutana wachache wa mtaa ule kwenye harusi, na mmoja wenu, kwa mapenzi tu, akauliza, "Mnamkumbuka Imakula, yule asiyejua kusema kura?" Tukacheka sote. Mimi pia nilicheka, na nilipofika nyumbani nikakaa chini kuandika haya. Alijua kuisema, wenzangu. Aliisema mbele yangu mara moja, nyuma ya jiko, ili niwaambie, nami nimechelewa miaka thelathini. Jina lake lilikuwa Immaculée.